Shahidi Niliyempeleka Bungoma

Wenzangu wa darasa la watu wazima, mmeniuliza nilikokwenda, na kwa nini nimerudi nikitembea kifua mbele kama mtu aliyeshinda kesi. Mwalimu naye ameniambia niandike, kwa sababu nikisimulia kwa mdomo kila mmoja wenu atachukua kipande chake na kukipeleka anakotaka. Basi naandika, na naanza na tarehe, kwa kuwa tarehe ndicho kitu cha kwanza nilichofundishwa kuandika nilipoingia darasani nikiwa tayari nina wajukuu. Niliondoka Kitale Alhamisi, tarehe 12 Desemba, Siku ya Jamhuri. Nilifika nyumbani kwa marehemu mume wangu, Sang'alo, nje kidogo ya mji wa Bungoma, Jumamosi tarehe 14. Watu wengine hutoka Kitale baada ya chai na kula chakula cha mchana Bungoma. Sisi tulikuwa na sababu ya kuzunguka.

Mume wangu, Yohana Khisa, alifariki tarehe 3 Machi, mwaka juzi. Katika ujana wake alifanya kazi ya reli pale Bungoma, akafukuzwa, na ikasemwa kwamba aliiba mahindi kutoka kwenye behewa. Aliishi na jina hilo mpaka akazikwa nalo. Ukweli ni kwamba magunia yale aliyatoa ili mtu apate nafasi ya kulala katikati ya mengine. Mtu huyo alikuwa akitafutwa na serikali ya nchi jirani, na alikuwa mkoki wake. Kwetu Wabukusu, bakoki ni wanaume waliotahiriwa msimu mmoja. Mkoki anaweza kukutukana mbele ya watoto wako, akakunyang'anya kofia na kuondoka nayo, nawe huwezi kumkasirikia. Lakini siku ya hatari hakuachi.

Mkoki huyo wa Yohana alikuwa na mama wa Sang'alo na baba wa ng'ambo ya Mlima Elgon. Behewa lile lilimfikisha kwa wenzake waliokuwa wakipigania ukombozi wa nchi ya baba yake. Waliposhinda, walimfanya balozi wao, naye akayasemea mapinduzi katika miji mikuu ya dunia. Kisha mwenzake aliyekalia kiti cha urais akakataa kuinuka. Balozi akajiuzulu, akaingia upinzani, akafungwa, akatolewa, akafungwa tena. Mwezi Oktoba alivuka mpaka wa Suam akaja kuishi Kitale kimyakimya, naye akanitafuta mimi, mjane wa mkoki wake. Serikali yake ikatangaza kwamba ni mgonjwa, kwamba amepoteza kumbukumbu na hawezi tena kusimama mbele ya watu. Jina lake siliandiki hapa kwa sababu binti zake bado wanaishi kule.

Yohana alinieleza habari ya behewa wiki ya mwisho ya uhai wake. Kabla ya hapo hakumwambia mtu, kwa kuwa mkoki wake alikuwa bado hatarini. Nilipoupelekea ukoo habari hizo, shemeji yangu Petro, mdogo wake Yohana, alicheka.

"Shemeji, hayo ni maneno ya mjane ya kujifariji," alisema.

Wazee wakakata shauri kwamba matanga, yaliyokuwa yamekwama kwa ubishi huo, yamalizwe Jumamosi, tarehe 14 Desemba. Ikiwa ninaye shahidi, aje mwenyewe asimame. Simu waliikataa, walisema simu haina uso. Asipofika, jambo lifungwe, na Yohana abaki alivyojulikana. Hiyo ndiyo iliyokuwa safari yangu: kumfikisha mtu mmoja Sang'alo, akiwa hai, kabla wazee hawajainuka.

Kitale hadi Moi's Bridge

Balozi alikuwa akikaa katika chumba cha juu cha duka la vifaa vya ujenzi la Bwana Harbans, Kalasinga aliyezaliwa Kitale na anayeyajua mashimo ya barabara zetu kama watu wengine wanavyowajua jirani zao. Ng'ambo ya duka hilo, gari la kijivu lilikuwa limezoea kuegeshwa. Ndani yake walikaa wanaume wawili ambao hawakuwahi kununua hata msumari. Wako watu wa upinzani wa nchi ile waliowahi kutoweka upande wetu wa mpaka wakaonekana baadaye gerezani kwao, kwa hiyo hatukuhitaji kuelezwa wawili wale walikuwa nani.

Ndiyo maana tulichagua Siku ya Jamhuri. Bendi ilipopita na umati nyuma yake, gari la kijivu lilizingirwa na wanafunzi wenye bendera, lisiweze kwenda mbele wala nyuma. Bwana Harbans akatoa pikapu yake kwa mlango wa uani, akashika barabara ya Eldoret, kinyume kabisa cha tulikokuwa tukienda.

Tulikaa watatu mbele, Balozi katikati. Nilikuwa nimemletea koti kuukuu la shambani ili asitambulike, akalikataa. Alivaa suti yake ya bluu na kofia.

"Mke wangu," akaniambia, maana mkoki humwita hivyo mke wa mwenzake, naye mke hujibu apendavyo, "suti hii nimeivaa mbele ya wafalme. Nitaivaa mbele ya Yohana."

"Basi utaifua mwenyewe," nikamjibu.

Tulipokaribia Moi's Bridge tulikuta malori ya mahindi yamejipanga pande zote mbili za barabara. Ghala la nafaka lilikuwa limefungwa kwa sikukuu, na madereva walikuwa wamelala chini ya malori yao wakingoja lifunguliwe. Papo hapo mkanda wa feni wa pikapu ukakatika. Maduka ya vipuri nayo yalikuwa yamefungwa.

"Jamhuri ni kitu mzuri," alisema Bwana Harbans akiufunua mlango wa injini, "lakini yeye nafunga maduka yote pamoja."

Tukaingia katika kibanda cha chakula cha dada mmoja aitwaye Chebet.

"Sasa mzee! Niaje mathe! Kalasinga, karibu pia. Kuna ugali matumbo, kuna ugali managu, chai iko jikoni."

"Mke wangu atakula managu," alisema Balozi, akivua kofia kwa adabu kana kwamba yuko ikulu. "Nami vilevile."

Chebet akashika kiuno. "Aki mnapendeza! Mko kwa ndoa miaka mingapi?"

"Huyu si mume wangu," nikasema.

"Ati? Na si amekuita mke?"

"Mume wangu ni marehemu. Huyu ni rafiki yake."

Nilidhani nimerekebisha mambo, kumbe nimeyaharibu. Chebet aliwageukia wateja wengine. "Mmeskia hiyo? Rafiki ya marehemu! Na wanasafiri na suti!" Akamtazama Bwana Harbans. "Na wewe ni nani wao?"

"Mimi? Mimi ni dereva ya harusi."

Kibanda kizima kilicheka, na Balozi alicheka kuliko wote. Nilijaribu kueleza desturi ya bakoki, lakini Chebet ni Mkalenjin na nilipomaliza alinipigapiga begani akisema nisijali, mapenzi hayana umri. Managu yake, yaani mboga za mnavu, yalikuwa matamu, yamepikwa kwa maziwa, kwa hiyo nilimsamehe.

Katika kona alikuwepo dereva wa lori lenye nambari za nchi ile. Hakuwa amecheka. Alikuwa akimtazama Balozi, mkono wenye tonge umesimama hewani. Aliinuka, akanawa mikono, akaja mpaka mezani petu na kuvua kofia.

"Mzee," alisema kwa sauti ya chini, "redioni wanasema huwezi hata kujilisha."

Balozi akakata tonge la ugali, akalichovya katika mchuzi, akalila polepole huku akimtazama machoni. "Unaonaje?"

Dereva yule, mtu mzima mwenye mvi, aliuma midomo ili asilie. "Utarudi?"

"Jumamosi nitasimama Bungoma niseme. Njoo usikie."

Dereva alivaa tena kofia yake. Alitoka, na baada ya kitambo alirudi akiwa na mkanda wa feni alioazima kutoka kwa madereva wenzake, lori baada ya lori, mpaka akapata unaolingana. Bwana Harbans alipoufunga jua lilikuwa limekwisha kushuka, na hatukutaka kusafiri gizani. Chebet alitutafutia nyumba ya wageni ya kanisa. Nilipoomba vyumba vitatu alinikonyeza.

Moi's Bridge hadi Webuye

Ijumaa, tarehe 13, tuliacha lami tukapita njia za ndani za Lugari ili tutokee Turbo. Mahindi yalikuwa yameanikwa kila mahali, hadi nusu ya barabara, na kila tulipofika kwenye turubai ilitubidi tungoje mwenyewe aje aikunje. Mama mmoja alikataa kabisa kukunja turubai yake.

"Barabara ni ya serikali," alisema, "lakini mahindi ni yangu. Zungukeni."

Balozi alishuka, akamsalimia, akamuuliza habari za mavuno, bei ya mbolea na wanawe walipo. Walizungumza mpaka Bwana Harbans akasinzia juu ya usukani. Mwishowe mama yule alikunja turubai mwenyewe na kutupatia mahindi mabichi ya kuchoma.

"Umemwambia nini?" nikamuuliza Balozi.

"Sikumwambia kitu. Nilimsikiliza. Ndiyo kazi niliyofanya miji mikuu yote ile, ila kule hawakunipa mahindi."

Tulipofika Turbo, Bwana Harbans alitazama kioo cha pembeni akaacha kupiga mluzi. Gari la kijivu lilikuwa nyuma yetu. Sijui walitupataje, huenda mtu aliyekuwa kibandani alizungumza, huenda walikisia. Walitufuata bila haraka mpaka Webuye, wakasimama tuliposimama, karibu na wauza ndizi.

"Mama, sisi rudi Eldoret," alisema Bwana Harbans. "Huko iko watu mingi, tunapotea."

Nilifikiri. Mtu aliyejificha akichukuliwa hakuna anayejua amekwenda wapi. Mtu anayengojwa na kijiji kizima asipofika, kijiji kizima huuliza. Tangu Kitale tulikuwa tukifanya kosa la kujificha. Nikashuka, nikanunua ndizi, nikaenda moja kwa moja mpaka dirisha la gari la kijivu.

"Hamjambo, wanangu?"

Walitazamana. Yule wa usukani alivua miwani. "Hatujambo, mama."

"Naona tunakwenda njia moja. Mnakuja kwenye matanga ya mume wangu? Ni kesho, Sang'alo, upande wa kushoto ukitoka mjini. Mkifika sokoni Bungoma ulizeni kwa Yohana Khisa wa reli, mtu yeyote wa bodaboda atawaleta. Kutakuwa na ng'ombe. Msije mmekula."

"Asante, mama," alisema yule wa pili, na bila kufikiri akapokea ndizi nilizomnyooshea.

Nilirudi nikamkuta Bwana Harbans ameshika kilemba kwa mikono miwili. "Mama, wewe iko wazimu! Umewapa mpaka kona ya kukata!"

Balozi alikitazama kioo cha pembeni. Kisha akasema, "Nimefanya mazungumzo na maadui miaka yangu yote. Sikuwahi kuwaalika kula ng'ombe."

Niliwapigia simu bakoki waliosalia, nikawaambia mwenzao atafika kesho asubuhi na wapige mbiu. Usiku huo tulilala Webuye kwa binamu yake Bwana Harbans. Mke wa binamu huyo alitupatia dengu, chapati, na achari ya ndimu iliyonitoa machozi, na kila sahani ilipobaki wazi aliijaza tena akisema hajasikia neno "nimeshiba" katika nyumba yake. Gari la kijivu lilikesha nje ya lango. Asubuhi mama yule aliwapelekea chai.

Webuye hadi Sang'alo

Jumamosi, tarehe 14, bakoki walikuwa wamefanya zaidi ya nilivyoomba. Tulipoingia Bungoma, waendesha bodaboda walikuwa wakitungoja kando ya reli, wengine wa pikipiki, wengine wa baiskeli, matawi yamefungwa kwenye usukani. Walitutangulia wakipiga honi na kengele. Wahindi wenye maduka walitoka vibarazani, wanawake wa soko wakasimama na beseni zao kichwani. Wengi hawakujua ni nani anayepita. Nilisikia mmoja akisema ni gavana. Balozi aliwapungia mkono, nami nilikaa wima kando yake katika pikapu ya kubebea saruji, na sitaki kuwaficha kwamba nilijiona malkia.

Langoni mwetu watu walijaa hadi barabarani. Kabla gari halijasimama vizuri, wazee walitokea nyuma ya ua wa michongoma, wamevua mashati, wamejipaka matope kama siku ya tohara yao. Mbele yao alikuwa Mzee Simiyu, anayetembea kwa fimbo lakini siku hiyo alikuwa ameitupa. Waliufungua mlango, wakamshika Balozi mikono na miguu, wakamvuta nje.

"Mwoga!" alipaza sauti Mzee Simiyu. "Umekula mkate ya wazungu mpaka tumbo ikakuwa serikali! Leo tumekushika!"

Wakamvua kofia. Wakamvua koti la suti ya wafalme. Matope yakampiga shavuni.

Niliuona uso wake. Kwa kitambo kifupi hakuwa Sang'alo. Mikono yake ilipanda juu yenyewe, vidole wazi, jinsi inavyopanda mikono ya mtu aliyekwisha kukamatwa mara nyingi. Nilitaka kulia. Ndipo Mzee Simiyu akamsogelea pua kwa pua.

"Uliria mbele ya kisu! Uliria kama mbuzi, sisi wote tulisikia!"

Hakuna anayeweza kumwambia Mbukusu neno hilo akaishi kwa amani, isipokuwa mkoki wake. Mikono ya Balozi ikashuka.

"Nani alilia?" akanguruma kwa Kibukusu, kisha kwa Kiswahili ili wote wasikie. "Simiyu, wewe ulikojoa mpaka mto ukafurika! Tulidhani mvua imeanza!"

Akachota matope akampaka usoni, na wazee wale wakaangukiana mabegani wakicheka na kulia, huku wanawake wakipiga vigelegele.

Gari la kijivu lilikuwa limesimama upande wa pili wa barabara. Yaliyotokea pale niliyapata kwa Barasa, mwendesha bodaboda aliyekuwa ameegesha karibu na dirisha lao. Alisema yule wa usukani alikuwa na simu sikioni.

"Mkubwa, kazi imekwisha. Watu wake wenyewe wamemvamia. Wamemvua nguo, wanampiga matope, wanamwita mwoga na mwizi wa serikali. Hapana, hatuhitajiki. Hapa hatoki."

Wakageuza gari wakaenda zao, wala hawakumla ng'ombe niliyewaahidi. Jioni ile redio ya nchi yao ilitangaza kwamba mpinzani fulani ameshambuliwa na wananchi wenye hasira mjini Bungoma. Lakini kufikia saa hiyo hotuba yake ilikuwa katika kila simu, kutoka kwetu hadi ng'ambo ya mlima, na watu wa kule walikuwa wakiulizana mgonjwa yule amepata wapi sauti ile. Jumanne, tarehe 17, Balozi alivuka daraja la mpakani la Lwakhakha kwa miguu, mchana, kwenda kugombea urais. Upande wa pili walimngoja watu wengi hata askari wakakosa mahali pa kusimama. Yule dereva wa lori alikuwa mbele yao. Nilimwona kwenye picha. Hadi leo ninapoandika, Balozi hajakamatwa, na mikutano yake inajaa.

Hotuba

Nimetanguliza mwisho wa Balozi ili nibaki na wa Yohana.

Alisimama kando ya kaburi akiwa na matope hadi masikioni. Alikataa kuoga; alisema bakoki wamemvika vazi linalofaa. Wazee wa ukoo walikaa mbele, na shemeji yangu Petro katikati yao, mikono imefungwa kifuani.

"Mnasema Yohana aliiba mahindi," alianza. "Ni kweli magunia yalikosekana. Niliingia mimi pale yalipotoka. Nililala humo, yeye akakaa juu yangu akiimba ili kikohozi changu kisisikike. Alipoulizwa magunia yako wapi, angeweza kusema neno moja tu, nami ningenyongwa. Akasema, 'Nimeiba.' Wenzangu waliniita mwanamapinduzi. Nilipewa nyumba, gari na bendera. Yohana alifukuzwa kazi, akalima kwa jembe. Kwa hiyo ninyi wa ukoo huu, mkitaka kuyaona mahindi aliyoiba, nitazameni. Ni mimi."

Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya reli alivua kofia, kisha mwingine, kisha wote. Balozi aliendelea, akaisema serikali yake, akatangaza kwamba anarudi, na hayo ndiyo mliyoyaona kwenye simu zenu. Mimi sikuyasikia vizuri. Nilikuwa nikimtazama Petro.

Alikuwa ameinamisha kichwa. Hotuba ilipokwisha aliinuka, akaenda kwa mkaza mwana wake aliyekuwa ameketi na wanawake, akampokea mtoto mchanga. Kwetu jina la marehemu aliyekufa na aibu halipewi mtoto, na tangu tarehe 3 Machi ile hakuna nyumba katika ukoo iliyokuwa imempa mtoto jina la mume wangu. Mtoto yule alikuwa bado akiitwa "Baba" tu.

Petro alikuja mpaka mbele yangu. Machozi yalikuwa yakimwagika na hakuyafuta.

"Shemeji," alisema, "huyu mjukuu wangu, ukinikubalia, ataitwa Yohana Khisa."

Nilimpokea mtoto. Alikuwa mzito, na alinishika kidole kwa nguvu. Watu wa mbele walikuwa wameanza kupiga makofi, lakini umati ulikuwa mkubwa, umefika hadi barabarani.

"Liseme tena, shemeji," nikamwambia, "na upaze sauti. Wale wa barabarani hawajasikia."